Flash ya Baba Neema Iko Mfukoni mwa Shemeji

Musoma, Jumapili mchana.

Kwako Dada Admin, naomba ulifiche jina langu, maana watu wa mtaa wetu wa Kitaji wanapitaga sana humu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, nimeishia kidato cha nne. Nina binti mmoja, hapa tumwite Neema. Mume wangu alifariki mwaka jana, akaniachia kibanda cha kutengeneza kompyuta na flash moja nyeusi aliyoifunga uzi wa wavu isipotee.

Flash hiyo ndiyo inayotulisha. Wateja huleta kompyuta ziwekewe Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta. Kwa kawaida wakati wa kuiweka mashine huuliza maswali mengi: lugha, saa za wapi, jina la mtumiaji, diski ipi ifutwe. Baba Neema aliyaandika majibu yote mapema kwenye faili ndani ya flash. Unachomeka, unawasha, unaondoka. Alikuwa anaipiga kompyuta kofi dogo mgongoni, "Haya, kazi kwako, sisi tunakula furu." Tukimaliza kula samaki wetu iko tayari, na kwenye kioo limeandikwa jina lake, Baba Neema. Baada ya msiba niliendelea hivyohivyo. Jina lake linatokea, nalitazama kidogo, halafu naandika la mteja. Hilo alinifundisha.

Mwezi huu shule moja ya upande wa Nyamuswa imeniletea kompyuta mpya za darasa. Nikachomeka. Ikasimama katikati, ikaniuliza diski. Sijawahi kuulizwa kitu na mashine. Niliogopa kubonyeza nisije nikaharibu mali ya shule. Nikampigia shemeji, mdogo wa marehemu, ambaye ni fundi wa kompyuta Bunda.

Alikuja, akatazama, akacheka.

"Kaka aliandika jina la diski za zamani. Hizi mpya zinaitwa vingine. Ni mstari mmoja tu huo."

"Basi nirekebishie, shemeji."

"Nirekebishe faili ya kaka, nyumba yake niiache wazi? Wazee walishasema nikurithi. Wewe ndio unajifanyaga husikii."

Nikadhani utani, mashemeji tunataniana. Nikamwambia, "Tengeneza kwanza, ila jina la kaka yako usiliguse."

"Hilo naliacha," akasema. "Si mimi ndiye nitaitwa Baba Neema?"

Akachomoa flash, akaitia mfukoni. Akasema atanirudishia Butiama, alikozikwa marehemu, siku ya kuweka msalaba kaburini, nikishawajibu wazee.

Mama mkwe naye kapiga simu. "Mwanangu, mtu wa nje atampenda mjukuu wangu kama damu yake?" Hana ubaya, alikuwa analia kweli. Shemeji mwenyewe si mlevi, na mke wake ni mpole, ananiita dada. Lakini simtaki. Fundi mwingine wa hapa mjini anasema nimletee kwanza hiyo flash. Mwalimu wa ile shule naye kila siku, "Mama, watoto wanasubiri."

Kompyuta ile bado inawaka mezani na swali lake. Nimeifunika kanga, mwanga unapenya. Jana Neema aliifunua, akasoma, akaniuliza, "Mama, mbona hii haiandiki baba?"

Ndugu zangu, ningekuwa dada yenu mngeniambia nini? Nikubali, au nikatae nianze kujifunza kujibu mwenyewe, hata kama shule itachukua kompyuta zake? Siku ya kuweka msalaba kaburini imekaribia. Nishaurini, na mkiwa kwenye sala zenu mnikumbuke.