Msamaha wa Nyapara

Jina lake halisi liliandikwa kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki. Mtaani, dukani, hata kwa shemeji zake, aliitwa Greda. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amekaa juu ya mashine hiyo akisawazisha udongo ili wengine wapite, na jina la mashine likamganda kama vumbi lake. Mkwewe, mwalimu wa jiografia, kijana mwenye adabu zake zote, siku ya kwanza alipokuja kujitambulisha alisema, "Shikamoo, Baba Greda," kisha akang'ata ulimi kwa aibu. Mzee alicheka hadi chai ikampalia. Mambo ya posa yakawa yameisha hapo hapo.

Katika maisha yake alitengeneza barabara nyingi, lakini kubwa ilikuwa moja. Ilitoka mjini kwao, ikakata msitu wa pwani, ikafuata ufuo kwa mwendo mrefu, kisha ikaiacha bahari na kupanda milimani. Ilichukua miaka tisa. Muda wote huo alilala kambini, ndani ya kontena, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi na nguo zenye rangi ya mahali walipofikia: kwanza nyeusi ya msituni, halafu nyeupe ya mchanga, halafu nyekundu. Mkewe alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule. Ndiye aliyezifua nguo hizo, na kwa maji ya beseni alijua kazi imefika wapi bila kuambiwa.

"Ikiisha utanipeleka nikaione," alikuwa akisema.

"Nitakupeleka. Utapita juu ya lami, miguu haigusi vumbi."

Hakumpeleka. Mwaka wa nane, kwenye ule udongo mwekundu, mlima uliporomoka ukamfukia kijana wao wa kwanza.

Kijana huyo alikuwa na miaka ishirini na minne, dereva wa rola ya kushindilia. Kazi alitafutiwa na baba yake, na wenzake walimwita Greda Mdogo. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na chini ya genge walilokuwa wakilichimba, rola ilibaki peke yake topeni. Kijana alitumwa akaipandishe. Alipanda, akawasha, na hakuonekana tena mpaka kesho yake mchana.

Greda ndiye aliyeuleta mwili nyumbani. Mama mtu, akiwa amekaa chini kando ya cherehani, alimuuliza swali moja tu.

"Nani alimtuma mwanangu kule chini?"

"Nyapara," Greda akajibu.

Haikuwa kweli. Nyapara alikuwa amekataza mtu yeyote asishuke, tena alifunga utepe wa kuzuia njia kwa mikono yake mwenyewe. Aliyemtuma kijana alikuwa baba yake.

Siku ya mazishi nyapara alikuja. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kikohozi, anayevaa koti hata kwenye joto. Alimfikia mama wa marehemu akanyoosha mkono kumpa pole. Yule mama akaikunja mikono yake ndani ya kitenge, akamtazama mpaka watu wakanyamaza. Nyapara akageuza macho kumtazama Greda. Greda akatazama viatu vyake. Basi yule mtu akaurudisha mkono wake, akaenda kukaa nyuma kabisa, na hakusema neno, si siku hiyo wala siku nyingine.

Uongo ukishakaa ndani ya nyumba huzoeleka kama kiti kibovu. Kila mtu hujifunza namna ya kuukalia. Miaka ikapita. Binti yao akawa nesi, akaolewa na mwalimu. Greda akastaafu. Kila jioni mkewe alipoomba dua alimtaja nyapara kwa ubaya, na mumewe aliyasikia hayo akiwa amekaa hapo hapo. Mwaka wa tisa tangu msiba, zikaja habari kwamba nyapara amekufa kwa kile kifua chake.

"Wakamzike walio wake," mama alisema, akaendelea kukanyaga cherehani.

Kisha macho yake yakaanza kwenda. Daktari aliita presha ya macho, akasema wamechelewa. Kwa muda wa mwaka na nusu dunia ilimfifia, mwishoni ikabaki nuru ya dirisha tu, halafu na yenyewe ikazima. Hakukubali kukaa bure. Alishona vifungo vya mashati kwa kupapasa, na havikupinda hata kimoja.

Asubuhi moja, mwaka wa kumi na moja, aliweka sindano chini akasema, "Nataka kwenda kwenye ile barabara."

"Kufanya nini?" Greda akauliza, na papo hapo akatamani ulimi wake urudi nyuma.

"Macho sina, lakini miguu ninayo. Nipelekeni."

Nesi akaomba ruhusa kazini. Mwalimu akaazima gari la mkuu wake wa shule, gari la zamani ambalo dirisha moja lilishikiliwa na kipande cha mbao. Wakaondoka Ijumaa asubuhi, vijana mbele, wazee nyuma, kapu la mayai ya kuchemsha na mikate likiwa katikati yao.

Msituni joto lilikatika ghafla. Mwalimu akaanza kusomesha: huu ni msitu wa namna gani, mizizi yake inafanya nini, mvua zake zinatoka upande gani.

"Mume wangu," Nesi akamwambia, "leo hakuna mtihani."

Basi Greda akachukua zamu. Alimweleza mkewe kila kona. Hapa walikuta kinamasi kikameza kifusi cha mwezi mzima. Pale nyani aliiba sufuria ya mpishi wa kambi, akakaa nayo juu ya mti siku mbili, nao wakapikiwa kwenye ndoo. Mama alicheka kile kicheko chake cha zamani, cha kuanzia puani, ambacho Greda alikuwa hajakisikia miaka mingi. Akajiona mwepesi. Akafikiri labda ni hili tu alilolitaka, atembezwe, afurahi, warudi nyumbani salama.

Walilala kwenye nyumba ya wageni karibu na ufuo. Asubuhi mama akaomba apelekwe majini. Alivua viatu, akapandisha kitenge magotini, akasimama huku mawimbi yakichimba mchanga chini ya nyayo zake. Aliinama akauchota, akausugua viganjani.

"Kumbe ndio huu," akasema. "Huu ndio ulikuwa ukibaki chini ya beseni langu."

Alikuwa amemshika mumewe mkono ili asianguke. Hapo Greda alikaribia kusema. Lakini bahari ilikuwa shwari, mkewe alikuwa akitabasamu, na yeye akajiambia: si hapa. Mtu asiyetaka kusema hakosi sababu.

Milimani barabara ilianza kujikunja. Masikio yakaziba. Kadiri walivyopanda ndivyo Greda alivyozidi kunyamaza. Hakueleza tena daraja wala kona.

"Mbona kimya?" mkewe akauliza. "Tumefika kwenye udongo mwekundu?"

"Tumefika."

Mahali penyewe hapakuwa na alama yoyote. Palikuwa na ukuta wa mawe yaliyofungwa ndani ya nyavu za waya, majani yameota kwenye nyufa, na upande wa pili kizuizi cha chuma, kisha bonde. Mwalimu aliegesha gari mbele kidogo. Mama akaomba aachwe na mumewe, na vijana wakabaki garini.

Aliupapasa ukuta kwa viganja vyote viwili, cha kushoto na cha kulia, kama mtu anayepima kitambaa.

"Ni hapa?"

"Ni hapa."

Kisha akasema, bado ameuelekea ukuta, "Mzee wangu, sikuja kutembea. Yule nyapara nimemlaani kila siku tangu mwanangu afe. Hata alipokufa sikumwachia. Nilipopofuka nikasema huenda ni zile laana zangu, zimekosa pa kwenda zikanirudia. Nimechoka kumbeba yule mtu. Nimekuja nimsamehe hapa hapa alipomtuma mwanangu. Nawe mwenzangu umsamehe, tuseme wote wawili, tushuke."

Akanyoosha mkono ashikwe.

Neno lenyewe lilikuwa moja tu: nimemsamehe. Angelisema, wangerudi garini wakala mayai yao. Greda alifungua mdomo alitoe, na badala yake akasikia sauti yake ikisema, "Siwezi."

"Najua inauma."

"Si hilo. Si yeye aliyemtuma."

Mkono wa mama ulibaki hewani.

"Yeye alikataza," Greda akasema. Sasa yalikuja yenyewe, hayakuhitaji kusukumwa. "Alikwenda kambini kupiga simu. Rola ilikuwa inazama, na wakaguzi walikuwa wanakuja kesho yake. Mimi ndiye niliyemwambia mwanao ashuke. Nilimwambia ni dakika kumi tu."

"Yeye akasema nini?"

"Mama..."

"Mwanangu alisema nini?"

"Alisema, 'Nyapara amekataza.'"

"Nawe ukamjibu nini?"

Greda alitazama mawe. Hilo alikuwa hajawahi kulisema hata kichwani mwake.

"Nikamwambia, 'Baba yako ni mimi au ni yeye?'"

Lori lilipita likipanda kwa gia ndogo, likanguruma mpaka likapotea kwenye kona. Mama aliurudisha mkono wake taratibu, akaukunja ndani ya kitenge. Greda alikuwa ameshawahi kuiona mikono ile ikikunjwa hivyo.

"Msamaha niliokuja nao ulikuwa wa nyapara," akasema. "Wako sikuja nao." Kisha akapaza sauti, "Nesi, mwanangu, njoo unishike."

Binti akaja mbio. "Kuna nini, Mama?"

"Muulize baba yako. Mdomo anao."

Ikabidi aseme tena, mara ya pili, kando ya gari, mbele ya mtoto wake. Nesi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwingiza mama yake kiti cha nyuma, akaingia naye na kufunga mlango. Mwalimu, ambaye hakuna jambo alilokosa neno la kulieleza, alichukua kitambaa akafuta kioo cha mbele ambacho kilikuwa safi. Greda akakaa mbele. Waliirudia barabara yote, mlima, ufuo na msitu, bila mtu kusema zaidi ya "simama" na "twende."

Nyumbani mama hakugomba. Angegomba ingekuwa afadhali. Alimwambia "karibu chakula" kwa sauti ya kumwambia mgeni. Akipita sebuleni alishika ukuta, na bega la mumewe akaliacha. Wiki ya tatu alisema, "Kesho unipeleke kwa mjane wa nyapara. Na huko utasema mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Mjane aliishi chumba na sebule nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, akiuza nguo za mitumba zilizotundikwa kwenye kamba ukutani. Alikuwa mama mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliwapa vigoda. Greda alikataa cha kwake, akasema aliyokuja kusema akiwa amesimama, kofia mkononi.

Alipomaliza, mjane alikaa akitazama nguo zake.

"Siku ile aliporudi mazishini nilimuuliza," akasema mwisho. "Nikamwambia, watu wanasema ni wewe uliyemtuma yule kijana. Akaniambia, 'Waache waseme. Yule mzee amefiwa.' Hakuongeza neno. Mimi nikaona amekubali." Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa gauni. "Nikamwogopa. Mtu anayeweza kumtuma mtoto wa mwenzake akafe... Nikahamia chumba cha watoto. Miaka tisa. Usiku aliokufa alikuwa akikohoa, nami nilimsikia, nikasema atanyamaza tu."

Mama wa marehemu aliteremka kwenye kigoda chake, akasogea kwa magoti mpaka alipoigusa mikono ya mwenzake. "Alikuja kunipa pole nikamnyima mkono," akasema. Wakashikana, wakalia bila sauti, kama watu wanaochelea kumwamsha aliyelala. Greda alibaki mlangoni. Hakuna aliyemwambia akae, wala aliyemwambia atoke.

Toka siku hiyo mama alitaka kupelekwa kwa mjane kila Jumamosi. Greda alimwongoza, yeye mbele, mkewe nyuma ameshika ncha ya fimbo yake, wakavuka barabara mbili na uwanja wa shule. Akimfikisha mlangoni hubaki nje, akiegemea rundo la matofali ya dukani. Ndani wanawake wale walichambua mitumba. Mjane akiona shati lisilo na kifungo, mwenzake hukishona. Nyumbani walizungumza yaliyo lazima: maji, dawa, mlango umefungwa au bado. Kuhusu msamaha mkewe hakusema neno, naye Greda hakuuliza. Aliona si kitu cha kwenda kuombea mlangoni mwa mtu kila siku.

Jumamosi moja mvua ilimkuta nje, mvua kubwa ya mawe. Alijibanza ukutani ikamfuata huko huko. Mjane akafungua mlango akamtazama.

"Ingia, baba, utapata kifua," akasema.

Akaingia. Mkewe alikuwa amekaa chini na shati la mtoto mapajani, akimwelezea mwenzake namna ya kushona kifungo kisichong'oka: uzi uzungushwe mara ngapi, upenye wapi, ukatwe wapi. Alisikia nyayo za mumewe, akanyamaza kidogo, kisha akaendelea kueleza. Greda akachuchumaa karibu na kizingiti, maji yakimtiririka sakafuni, akangoja mvua ikatike.