Siku Mzee Walter Alipoliwasha Gari

Harufu ya sufu kuukuu ikichanganyika na petroli hunirudisha utotoni hata leo. Juzi ilinikuta Bloomington, katika duka la mitumba, kwenye safu ya makoti ya wanaume, nikalazimika kushika nguzo. Mwuzaji aliniuliza kama niko salama. Nilimwambia ni njaa tu. Ninyi nitawaambia ukweli.

Nilikuwa na miaka minane. Mama alikuwa ametutoa Kisii na kutuleta huku ughaibuni miaka michache kabla, na kazi yake ilikuwa kuwatunza wazee majumbani kwao. Kiangazi kile alikuwa akimtunza Mzee Walter, Mzungu mrefu, mpole, aliyeishi peke yake Golden Valley. Kumbukumbu zilikuwa zimemtoka. Asubuhi alimwita mama kwa jina la mkewe marehemu, jioni akamwuliza ni nani aliyemruhusu kuingia. Shule zilikuwa zimefungwa, na jirani aliyekuwa akikaa nami aliugua, basi mama akanichukua kazini, jambo ambalo waajiri wake walikuwa wamelikataza.

"Kerubo, kaa kama haupo," aliniambia.

Kukaa kama sipo kulikuwa rahisi, kwa sababu gerejini mlikuwa na gari. Lilikuwa gari la matajiri wa kabla ya vita vya pili vya dunia, na Mzee Walter alikuwa amelifufua kwa mikono yake mwenyewe, skrubu kwa skrubu, tangu enzi zile akiwa bado na nywele. Rangi yake ilikuwa damu ya mzee. Madigadi yalivimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta, taa zilikuwa kubwa kama sufuria za kupikia wali, na milango ya nyuma ilifunguka kinyumenyume. Viti vyake vilikuwa vya sufu ya kijivu iliyochoma mapaja. Kila siku niliingia nyuma, nikakaa katikati, na kuwapungia mkono raia wangu wasioonekana.

Mchana mmoja mama alikuwa chumba cha chini ya nyumba akifua mashuka, nami nilikuwa kitini mwangu cha nyuma. Mara mlango wa gereji ukapanda, jua likaingia, na Mzee Walter akaketi kwenye usukani akiwa na pajama na kofia ya kwendea kanisani.

"Uko tayari, Betty?"

Betty, nilikuja kujua baadaye, alikuwa dada yake. Nikasema niko tayari. Nani angekataa?

Niliduwaa. Mtu aliyeshindwa kufunga kifungo asubuhi ile sasa alikanyaga klachi, akaingiza gia, na mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Injini ilikohoa taratibu, kama mzee wa kanisa anayejiandaa kusoma matangazo, tukateremka mtaani. Waliokuwa wakikata nyasi walizima mashine zao wakatupigia makofi.

Kisha nikasikia honi nyuma yetu. Nilipiga magoti kitini nikachungulia. Ilikuwa Toyota yetu ndogo, na mama ndani yake, mdomo wazi, akibonyeza honi bila kuiachia. Nilidhani anashangilia. Nikampungia mkono kimalkia.

"Watu wa siku hizi hawana subira," Mzee Walter akasema.

Mwisho wa mtaa akakata kushoto, mahali ambapo hakuna gari lingine lililokuwa likikata. Mbele yetu njia iliteremka hadi barabara kuu, na lori moja lilikuwa linapanda kuja tuliko. Mzee Walter akaongeza mwendo. Hapo Toyota ikatupita kulia, ikaruka juu ya nyasi, ikakata mbele yetu na kusimama ikiwa imeiziba njia.

Tukaigonga.

Gari lile lilikuwa zito kama nyumba na halikuwa na mkanda hata mmoja. Nilirushwa kwenye mgongo wa kiti cha mbele, mdomo ukajaa sufu na damu. Kioo kilimwagika mahali fulani. Lori lilipiga breki zikalia hadi nikaziba masikio, likasimama kando ya Toyota.  Mzee Walter aligeuka polepole, akanitazama.

"Hapa ni wapi?" akauliza. "Na wewe ni mtoto wa nani?"

Swali hilo lilinitisha kuliko kugongana kwenyewe.

Mama alitokea mlango wa abiria, kwa kuwa wake ulikuwa umebonyea ndani. Miguuni alikuwa na soksi tu, na mkono wake wa kushoto ulining'inia vibaya.

"Kerubo! Sema kitu, mama! Sema kitu!"

Nikamjibu kwa Kiingereza, "Mum, umeharibu gari."

Aliketi palepale kwenye lami akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Kisha akainuka, akaenda mlango wa mbele, akamshika bega yule mzee. "Tulia, Mzee. Niko hapa."

Binti yake Mzee Walter alikuja akilia, akisema ufunguo alikuwa ameuficha. Alimtetea mama kwa waajiri wake, lakini walikwisha kusikia kwamba mtoto alikuwa kazini, wakamfuta kazi. Mkono ulipotoka kwenye plasta mama alikwenda kupanga maboksi ghalani, huko Eagan. Mzee Walter alihamishiwa makao ya wazee. Mimi, kiangazi kizima, niliiomboleza taa ya gari lile iliyovunjika.

Nilipofika miaka kumi na sita, mama alinifundisha kuendesha. Siku moja tulipita pale tulipogongana, mimi nikiwa kwenye usukani, na kwa mara ya kwanza niliona vibao vyekundu vya kukataza kuingia vilivyosimama pande zote mbili, na malori yakipanda moja baada ya jingine kutoka chini kwenye kona. Niliegesha kando.  Miaka yote nilikuwa nikilikumbuka gari lililogonga. Sikuwahi kumfikiria mtu aliyekuwa ndani ya lile lililogongwa.

"Mum," nikasema, "mbona ulituwekea upande wa mlango wako?"



"Ningeweka nini kingine?"

Kisha akaniambia niwashe indiketa, tuko njiani mwa watu.