Asali Isiyodaiwa Nta

Wakati wa Mwingereza, kuanzia Ntalikwa mpaka Kigwa, ukiuliza nani anaijua nta ungeelekezwa kwangu. Sikusoma mimi, shule ya misheni niliacha nikishajua kuandika jina langu, basi. Lakini wenye maduka pale Tabora mjini walikuwa wakingoja magunia yangu yafike ndipo wataje bei. Na nyumba ya bati nilijenga kabla ya mwalimu wetu.

Asali ikiletwa kutoka porini, watoto wa jirani hupewa masega watafune. Utamu ni wao, ila makapi ya nta huyatema kwenye chungu cha mwenye asali. Ndivyo tulivyofanya sote, na mimi nilikuwa mkali kuliko wote. Kipande cha ukubwa wa kucha sikukiacha kipotee.

Binti yangu wa mwisho, ambaye hata jino la kwanza lilikuwa halijang'oka, aliyashika hayo kama sala. Akimpa mwenzake sega, anasimama mbele yake na chungu, macho yamemganda mdomoni. "Tema. Utamu umekwisha, tema nta ya baba." Nilicheka, nikawaambia wageni huyu ndiye mrithi wangu.

Siku moja wenzake wakachoka. Binti wa jirani yetu, mjane aliyelima karanga ng'ambo ya njia, alimrudishia sega lake zima.

"Kaa na asali yako, karani."

Wakaondoka wote. Tangu siku hiyo hakuja mtoto uani kwetu. Binti yangu akawa anakaa kizingitini na bakuli lake, analamba kidole, anasikiliza wenzake wakicheza rede kwa mjane. Jioni ugali anauacha.

Nikamwambia awaite, awape mengi zaidi. Akaita, hawakuja. Mama yangu, ambaye nilikuwa nikiishi naye, alikuwa anapepeta mtama. Hakuinua hata macho.

"Mwanangu, huyu mtoto ameona lini kitu kikitoka nyumba hii bila chungu kukifuata?"

Asubuhi yake nikajaza bakuli masega, nikamshika binti yangu mkono, tukavuka njia. Akasimama katikati.

"Baba, chungu je?"

"Leo hatuchukui."

"Na nta?"

"Ni yao."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Mjane naye, tulipokwisha kusalimiana, aliuliza aturudishie nta lini. Nikamwambia asirudishe. Binti yangu akatoa sega la kwanza, kisha akaficha mikono mgongoni, hajui aifanyie nini. Binti wa mjane akatafuna, akatafuna, nta akaifinyanga ikawa ng'ombe wa pembe moja, akampa binti yangu. Wakaanza kucheka. Nilirudi peke yangu. Yeye alirudi jua likizama, nywele zimegandamana kwa asali, akatusimulia nani alijilamba mpaka kiwiko na nani alipiga chafya sega likiwa mdomoni. Ugali akaumaliza.

Mavuno yaliyofuata aliingia mwenyewe stoo kuchagua sega la kupeleka. Akayapita madogo yote, akakumbatia lile kubwa, zito, nililokuwa nimelitenga kwa ajili ya mjini. Ulimi uliniwasha nimwambie achukue jingine. Nikamfungulia mlango.