Majina Sita Bila Swali

Rosa alikuwa karani wa kijiji chao cha milimani tangu amalize darasa la saba. Barua alizijibu kama alivyofundishwa na baba yake, Mzee Fransisko, aliyepata kuwa karani wa misheni: unachukua karatasi ileile iliyoleta swali, unaandika jibu chini yake, unairudisha.

Katibu mpya, Bwana Agustino, alipoona hivyo alicheka.

"Dada Rosa, hii ni ofisi au daftari la shule? Serikali hairudishiwi karatasi yake. Chukua karatasi safi, andika jibu tu."

Ulikuwa mwaka wa kuhamia kijiji kipya bondeni. Jumatatu wilaya iliuliza: ni wagonjwa gani wasioweza kuteremka, waachwe mpaka mvua ziishe? Rosa, mwanawe Pili akinyonya, aliandika majina sita kwenye karatasi safi. La kwanza lilikuwa la baba yake, maana mguu wake ulikuwa umevimba kama mgomba. Pazi, tarishi, akaipeleka.

Jumatano ikaja barua nyingine: watajeni waliokaidi kuhama. Wote walijua mkaidi anafanywa nini. Nyumba inabomolewa, mwenyewe anapakiwa kwenye lori.

"Kwetu hakuna mkaidi," alisema Agustino. "Tutajibu wiki ijayo."

Ijumaa asubuhi Pazi alirudi, hata mzigo hakuutua.

"Mama Pili, karatasi yako nimeiona wilayani. Wameibana kwenye faili pamoja na ile barua ya wakaidi. Karani akaniuliza, 'Hawa sita ndio wakorofi wenu?'"

"Ukamjibuje?"

"Mimi kusoma sijui, mama. Nikasema, ndiyo bwana."

Rosa alihisi maziwa yakikauka kifuani. Akamkimbilia Agustino.

"Katibu, andika sasa hivi kwamba wale ni wagonjwa!"

Agustino alifunga kalamu yake polepole. "Nikiandika tumekosea, wataniuliza nani alikosea. Ngoja kwanza."

Rosa hakungoja. Alimfunga mtoto mgongoni akapanda kwa baba yake, ukungu ukishuka mashambani. Chini, barabarani, lori lilikuwa limezima injini.

Alipofika uani kwa mzee, mgambo wanne walikuwa wamemtangulia kwa njia ya mkato. Mkubwa wao alikuwa ameshika ile karatasi.

"Shikamoo, baba," Rosa alihema, kisha akamgeukia mgambo. "Ndugu, hayo nimeandika mimi. Ni majina ya wagonjwa."

Mgambo aliigeuza karatasi, akatazama na nyuma. "Wapi pameandikwa wagonjwa? Naona majina tu, mama." Akasoma kwa sauti: "Fransisko!"

Mzee alikuwa ameambiwa na bintiye kwamba ameandikwa wilayani kwa ajili ya mguu wake. Uso ukamchangamka.

"Ndiye mimi, wanangu. Kumbe mmeniletea na gari? Mungu awabariki."

Akaanza kutafuta fimbo yake. Nyuma yake mgambo mmoja alikwishapanda paani, na nyasi za kwanza zilikuwa zikianguka uani.