Simu Iliyogeuka Tofali Mikononi mwa Hani

Adhuhuri inakaribia, na Hani Warfa ameshaondoa mkono kwenye kila simu iliyo mezani. Kibanda chake kiko kwenye uchochoro nyuma ya soko mjini Garissa. Umeme umekatika tangu asubuhi, na wenye vibanda wote wanategemea jenereta moja ya jirani yao, Nunow.

Muadhini anapoanza tu, Nunow anaizima. Hakuna aliyemwagiza. Ndiyo desturi ya uchochoro huu: mngurumo wa mashine usishindane na adhana. Feni inasimama, na Hani anaivuta droo yake.

Ndani ya droo, katika kitambaa cha kijani, kuna simu ambayo mafundi huiita tofali.

Neno hilo hakulitunga yeye. Alilikuta kwa mafundi wa Nairobi waliomfundisha kazi, nao walilipokea kwa watu wa kompyuta wa ng'ambo. Simu inapoandikiwa upya mfumo wa kuiendesha, kazi ikakatika katikati, inaweza kufa kabisa: haiwaki, haichaji, kompyuta haiitambui. Kilichobaki ni uzito tu mkononi, kama tofali.

"Tulikuwa tunacheka nalo sana," anasema Hani, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa. "Mtu akiharibu simu tunamwambia, haya, kajenge nyumba. Siku hizi silitamki mbele ya mteja."

Mwenye simu ya drooni ni Abshiro, bibi kutoka mji wa Modogashe. Simu yake ilikwama kwenye nembo, haiendelei mbele. Alimweleza Hani kilichomo: sauti ya marehemu mumewe, Abdow, akiwasomea wajukuu abtirsi, majina ya mababu tangu baba hadi wa kale kabisa, ambayo kila mtoto wa Kisomali hufundishwa kuyataja kwa mpangilio.

Siku hiyo pia umeme ulikuwa umekatika, na lori la kumrudisha Abshiro lilikuwa linapakia. Hani alijua adhana i karibu, na betri ya kompyuta yake ilikufa zamani. Akaanza kuiandikia simu mfumo upya, akijipa moyo kwamba atawahi. Hakuwahi. Jenereta ilizimwa kazi ikiwa nusu, na umeme uliporudi, simu haikurudi.

Nunow alikuja kupata habari baadaye. "Ningejua, ningemwita kwanza," anasema. Hani hamlaumu hata kidogo. "Yeye alifanya linalofaa. Mimi ndiye niliyekimbizana na adhana."

Kinachomtafuna ni upole wa yule bibi. Kila akija mjini Abshiro hupita, hukaa kwenye benchi na kuuliza hali ya mama yake Hani kabla ya kuulizia simu.

"Hooyo, majina wazee wengine wanajua," alimwambia mara ya mwisho, akimwita "mama" kwa Kisomali kama wazee wanavyowabembeleza vijana. "Watoto watafundishwa tu. Lakini yeye alikuwa akifika jina ya baba yake, anakohoa kidogo, halafu anaendelea. Hiyo nani atawafundisha?"

Hani alimjibu kama mjukuu kwa nyanya yake, "Ayeeyo, nisamehe." Abshiro akasema amesamehe zamani, wallahi. "Angenitukana, ningelala," Hani anasema, akifuta macho kwa ncha ya ushungi.

Siku nzuri kazi hii humpa shilingi mia nane. Siku hizi hagusi mfumo wa simu yenye kumbukumbu za mtu hadi adhana ipite, hata mteja anune. Wapo waliohamia kwa mafundi wengine.

Wiki ijayo atapanda basi la Nairobi, kwa fundi anayeng'oa kipande cha kumbukumbu kwenye simu iliyokufa na kujaribu kukisoma peke yake. Fundi huyo amemwonya asitarajie mengi.

Ikishindikana, akirudi atapitiliza hadi Modogashe.

"Habari kama hiyo haipigiwi simu," anasema, akiirudisha droo taratibu. "Na hata ningetaka kumpigia, simu yake ndiyo hii."