Pamoja na Wanangu kwenye Makaburi ya Misheni

Baba ndiye aliyenituma. Alisikia ziwa limepanda hadi kwenye makaburi ya zamani ya misheni, nje kidogo ya Homa Bay, alikozikwa mama yake, na miguu yake haimruhusu tena kusafiri. Sikupanga kuwachukua watoto. Lakini tangu tumzike mama yao, Awuor, mwenye miaka tisa, hakubali nitoke bila yeye. Mdogo wake Odhis, wa miaka mitano, alikuwa bado anauliza kama mama anarudi leo. Shangazi zake walimwambia amesafiri.

Asubuhi tulitoka Migori kwa gari la shemeji yangu. Rongo tulikuta mvua. Tulipofika Rodi Kopany nikawanunulia mandazi.

Kwenye lango la makaburi alitupokea Mama Adongo, anayefagia mahali pale na anayetufahamu tangu zamani.

"Karibu, wuon Awuor, baba watoto. Pole sana kwa mama watoto. Lakini hawa wadogo si ungewaacha kwangu wacheze?"

"Tumekuja kuona," Awuor akajibu kabla yangu.

Upande wa chini ukuta ulikuwa umeanguka. Misalaba michache ilisimama ndani ya maji, imezungukwa na magugu. Kaburi la nyanya yangu lilikuwa bado kavu, ila saruji imepasuka na maji yako karibu. Kando yake kulikuwa na safu ya makaburi mafupi.

"Ni watoto wa misheni," Mama Adongo alisema. "Ugonjwa uliingia bwenini, ukawamaliza."

Odhis akajilaza kando ya kaburi moja, akanyoosha miguu kujipima. Urefu ulikuwa sawa. Mama Adongo alimwinua haraka kwa mkono.

"Huyu amekaa hapa kutoka lini?" Odhis akaniuliza.

"Tangu kabla mimi sijazaliwa."

"Na hajatoka?"

"Hajatoka."

Akaangalia makaburi yote, mpaka yale ya majini. "Kwa hawa wote, hakuna mwenye ametoka?"

"Hakuna."

"Na mama?"

Nilichuchumaa mbele yake. "Mama alikufa, Odhis. Hakusafiri. Hatarudi."

"Sawa," akasema, akaenda kumsaidia dada yake kung'oa nyasi kwenye kaburi la nyanya.

Wakati wa kurudi, tulipokwisha kupita Rodi Kopany, alianza kulia. Nilisimamisha gari kando ya shamba la miwa. Awuor alimkumbatia, kisha naye akalia, nami nikashindwa kujizuia. Malori yalitupita.

Jioni, Migori, nilimwambia baba kwamba kaburi lipo, lakini mvua zijazo sijui. Akanilaumu kwa kuwapeleka watoto mahali kama pale. Sikubishana. Nilichojifunza kule ni kwamba lile neno "amesafiri" lilimchosha mtoto kuliko kifo chenyewe, kwa kuwa lilimfanya asubiri.

Nilipomfunika blanketi, Odhis alinishika kidole.

"Baba, na wewe utakufa lini?"

"Sijui," nilimwambia.

Akasogea karibu na ukuta ili nipate nafasi ya kulala kando yake.