Kifuniko cha Mama Onkeo

Mume wangu Sisouk anachora vitabu vya watoto, na ukitaka kumwona amenuna, mwambie hiyo si kazi. Mimi nilimwambia hivyo mara moja tu, enzi za uchumba, akala laap yangu yote, samaki wa kukatwakatwa na viungo, bila kunibakizia. Tangu hapo mimi husema "yuko kazini" hata akiwa amelala kifudifudi sakafuni anamchora chura.

Uchoraji alijifunzia hekaluni. Alipelekwa mdogo, akanyolewa kichwa na kuvishwa joho kama wavulana wengine wa hapa Luang Prabang, ila masomo yalimpitia pembeni. Mtawa mmoja mzee alikuwa anakarabati michoro ya ukutani, naye akawa wa kumkorogea rangi. Mzee akimpa kona ya ukuta ajaribu tembo, yeye anaongeza na mbwa wa kumkimbiza tembo. Mbwa huyo yupo mpaka leo.

Alipovua joho alichora mabango ya shule, hadi kampuni ndogo ya vitabu ya mji mkuu, Vientiane, ilipompa hadithi ya familia na nyati wao mvivu. Kitabu hicho, chake cha kwanza, kilitoka tukiwa tumebakiza wiki chache tuoane. Alikifunga kwa kitambaa akamletea mama yangu, Mama Onkeo, aliyekuwa akiuza wali wa kunata sokoni na hakuwahi kukanyaga darasa.

Mama alisoma picha. Alimcheka yule nyati hadi akafuta machozi, akaita na jirani aje aone. Mimi kichwa kilinivimba. Halafu akafika ukurasa wa mwisho: usiku, familia imelala, sinia la chakula liko katikati, na kikapu cha wali kiko wazi.

"Sisouk, hawa wameshakula?"

"Wameshakula, Mama. Si wamelala?"

"Na kikapu wamekiacha wazi."

Hapa kwetu hata mtoto anayetambaa anajua kwamba kikapu kikiachwa wazi baada ya kula, mume na mke wa nyumba hiyo wataachana. Tunafunika bila hata kufikiri. Lakini yeye alikuwa na sababu zake za kifundi: ukurasa ulikuwa giza tupu, akahitaji kitu kimoja cheupe ili jicho lipate pa kutua, ndipo akakiondoa kifuniko wali uonekane. Aliyaeleza yote hayo, na mama akamsikiliza kwa adabu.

"Mwanangu, mambo ya jicho mimi siyajui. Unataka kumwoa binti yangu, na umeshachora nyumba inayovunjika ukaitembeza nchi nzima. Harusi ingoje kwanza."

Hakuwa anatania. Baba alituacha nikiwa bado nanyonya, na mama mpaka siku hiyo alikuwa akijiuliza ni jioni ipi aliyosahau kufunika. Niliogopa kwelikweli, maana neno alilolisema mbele ya jirani mama hakuwa na desturi ya kulirudisha.

Kesho yake Sisouk alirudi na rangi. Nilidhani anakuja kukirekebisha kitabu mwenyewe, kwani alikuwa ameshachanganya rangi ya mianzi. Badala yake alipiga magoti mkekani, akampa mama brashi kwa mikono miwili.

"Funika wewe, Mama. Wewe usingesahau."

Mama alimwambia aache utani, mkono wake umezoea mwiko tu. Sisouk hakuiondoa brashi. Basi mama akaishika kama mwiko, akainama, akachora huku katoa ulimi. Kifuniko kilitoka kikubwa kuliko kikapu, kimelalia upande mmoja kama kofia ya mlevi. Alikitazama weee, kisha akaniuliza kama nguo ya harusi imeshashonwa. Siku ya harusi, alipokuwa akitufunga nyuzi za pamba za baraka mikononi, alimnong'oneza kila mmoja wetu neno moja: tufunike.

Kitabu kilipochapwa upya, Sisouk aliupeleka ukurasa wa mama. Mhariri akapiga simu kwamba kifuniko kinaharibu picha, fundi wao akinyooshe. Mume wangu, ambaye hata muuza samaki humshinda kwa maneno, alisema kikinyooshwa na jina lake litolewe. Kikabaki vilevile. Amechora vitabu vingi baada ya hapo, lakini watoto shuleni hukidai kile cha nyati, na hakosi mmoja wa kuuliza mbona kifuniko kibaya. Sisouk hujibu kwamba hicho ndicho kilichompatia mke.

Mama alifariki mwaka jana, mvua zilipokuwa zinaisha. Jioni ya mazishi nyumba ilijaa watu wakila na kuzungumza, nami nikawa nahudumia tu ili nisilie. Walipotawanyika nilimkuta Sisouk anapita sinia hadi sinia kwa magoti, macho mekundu, anatafuta vifuniko. Nikapiga magoti upande wa pili, tukafunika wote.